Kabla Fundi Hajapiga Windo: Kompyuta Ikifungwa na Virusi vya Fidia

Unawasha kompyuta asubuhi, unatafuta mkataba wa duara la dhahabu ulioumaliza jana jioni, haufunguki. Jina lake ni lile lile, ila mkiani limeota herufi usizozijua: mkataba.docx imekuwa mkataba.docx.coot. Picha za harusi ya Jumamosi, hivyo hivyo. Daftari la mikopo la kikundi lililoko kwenye Excel, hivyo hivyo. Na kila folda ina kifaili kipya kinachoitwa _readme.txt. Ukikifungua, kinakusemesha kwa Kiingereza cha upole: usihofu, mafaili yako yote yatarudi, bei ni dola 980, na ukiwahi ndani ya saa 72 utapunguziwa nusu.

Hivyo ni virusi vya fidia: programu inayoingia kimyakimya, ikayafunga mafaili yako kwa ufunguo usiokuwa nao, kisha ikakuuzia ufunguo huo. Migodi mikubwa ya ukanda wetu wa dhahabu ina idara za TEHAMA na bajeti zake. Mwongozo huu nimemwandikia mwenye steshenari ya Katoro anayechapa maombi ya leseni ndogo za uchimbaji, mhasibu wa karasha la mawe, karani wa SACCOS, mwalimu wa Shinyanga mjini mwenye mitihani ya miaka minne kwenye laptop moja, mpiga picha wa harusi, na kijana wa Kahama anayerekodi nyimbo za asili katika chumba kimoja kilichozibwa kwa magodoro.

Kuviondoa virusi hivi si kazi kubwa. Fundi mzuri anaviondoa kabla chai haijapoa. Kazi ni mafaili, na mafaili mengi hupotea kwa haraka zetu wenyewe baada ya virusi kupita, pale mambo yanapofanywa kinyume cha mpangilio wake. Kwa hiyo soma hatua hizi kwa mfuatano, usiruke.

Dakika za mwanzo

Kata intaneti. Zima Wi-Fi, chomoa modemu, zima hotspoti ya simu. Chomoa flashi zote na diski ya nje. Kama unaona kwa macho yako mafaili yanaendelea kubadilika majina na taa ya diski inapepesa bila kupumzika, usitafute pa kubofya: shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime. Utapoteza ulichokuwa unaandika, lakini utaokoa ambacho virusi havijakifikia.

Kama ofisi ina kompyuta kadhaa zilizounganishwa, chomoa nyaya za zote, hata zile zinazoonekana nzima. Virusi vya WannaCry, vilivyolipuka tarehe 12 Mei 2017, vilikuwa vinatembea vyenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine bila mtu kubofya chochote. Viliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi kama 150. Dawa yake Microsoft walikuwa wameshaitoa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimesasishwa.

Sasa kosa linalouma kuliko yote. Mtu anakumbuka ana nakala kwenye flashi, anakimbia nyumbani kuichukua, anaichomeka kwenye kompyuta ile ile ili ahakikishe kama iko salama. Baada ya dakika chache na flashi nayo imefungwa. Virusi vya aina iliyowapata sana watu binafsi, vya ukoo uitwao STOP/Djvu, huacha ndani ya Windows kazi ya ratiba iliyopewa jina Time Trigger Task. Kila baada ya dakika chache inaviamsha tena, navyo vinazunguka kutafuta faili lolote jipya. Nakala yako ikae mbali mpaka mashine iwe imesafishwa na imehakikishwa.

Kisha chukua simu, piga picha ile barua ya _readme.txt na orodha ya mafaili yenye mkia mpya. Barua yenyewe usiifute. Inatia hasira kuiona, najua, lakini ina namba utakayoihitaji.

Kwa fundi

Ukiipeleka kompyuta hiyo kwa fundi, mara nyingi mazungumzo yatakuwa haya:

"Mayu, hii imeshaliwa na virusi. Tupige windo tu, jioni uje uichukue."

"Na mahesabu ya kikundi?"

"Hayo ndiyo yameshaondoka."

Hayajaondoka. Yako pale pale kwenye diski, yamefungwa tu. Yataondoka kweli akishaisafisha diski na kupiga windo (kusakinisha Windows) upya, na yataondoka pamoja na barua, na namba yako ya utambulisho, na mabaki ya mafaili yaliyofutwa ambayo programu za uokoaji zingeweza kuyaokota. Fundi hana nia mbaya. Amezoea wateja ambao shida yao ni mashine kuwa nzito. Wewe ndiye wa kumwambia mapema: "Kaka, usifute kitu. Nakili kwanza mafaili yote yaliyofungwa, pamoja na hiyo barua, uniwekee kwenye diski nyingine tupu."

Kama uwezo upo, njia safi zaidi ni kununua diski mpya, windo likapigwa juu ya hiyo, na ile ya zamani ikatolewa, ikaandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito na kuwekwa kabatini. Kuitunza kuna maana. Waliotengeneza virusi vya TeslaCrypt waliacha kazi mwezi Mei 2016 na kuutoa hadharani ufunguo mkuu. Aprili 2020 wale wa Shade walifanya hivyo hivyo, wakamwaga funguo zaidi ya 750,000. Aliyekuwa amefuta mafaili yake kwa kukata tamaa hakuwa na cha kufungua siku hiyo.

Jua umepatwa na nini

Jina la virusi ndilo linaloamua kama kuna tumaini. Tumia kompyuta nyingine au simu, ingia nomoreransom.org. Ni mradi ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, na hautozi hata senti. Unapakia barua yako na faili moja au mawili yaliyofungwa, wanakwambia ni aina gani na kama kuna programu ya kufungulia. Chagua mafaili yasiyo na siri. Usipakie daftari la wanachama. Huduma nyingine ya namna hiyo ni ID Ransomware, nayo ni bure.

Kama jibu ni STOP/Djvu, fungua diski C, utafute folda inayoitwa SystemID. Ndani yake kuna faili la PersonalID.txt lenye mstari mmoja au zaidi wa herufi na tarakimu zilizochanganyika. Tazama mwisho wa kila mstari. Ukiishia na t1, vuta pumzi, kwa sababu kuna nafasi.

Sababu yake ni hii. Virusi hivi vikishaamka huita kwanza seva ya wenyewe, vikaomba ufunguo wa mashine yako peke yake. Vikiupata, ufunguo huo uko kwao tu. Lakini kama intaneti haikupatikana, bando limeisha au mnara umezima, vinatumia ufunguo wa akiba vilioubeba ndani, na huo ni mmoja kwa wahanga wote wa toleo lile. Mhanga mmoja akishaupata na kuwapa wataalamu, wote waliobaki wanafunguliwa. Kwa hiyo yawezekana bando lililokata usiku ule, ukalilaani, ndilo lililokuokoa. Mistari ikiwa miwili, mmoja una t1 na mwingine hauna, basi sehemu ya mafaili ilifungwa kwa ufunguo mmoja na sehemu kwa mwingine, utaokoa baadhi.

Programu ya kufungulia inatolewa bure na kampuni ya Emsisoft. Ilipotoka Oktoba 2019 ilikuwa inaweza kufungua aina 148 kati ya 160 zilizojulikana wakati huo. Kuanzia mwishoni mwa Agosti 2019 wahalifu walibadili namna ya kufunga, na kwa matoleo ya baada ya hapo ni ule ufunguo wa akiba tu unaofunguka, tena ukiwa umeshapatikana. Programu ikikujibu kwamba ufunguo wako ni wa mtandaoni na haiwezekani, iamini. Kuirudia kila siku hakusaidii. Ikikujibu kwamba ni wa akiba ila bado haujapatikana, jaribu tena baada ya miezi.

Kulipa au kutolipa

Virusi vya kwanza vya namna hii vilitumwa kwa posta mwaka 1989, kwenye disketi kama 20,000 zilizojifanya zina habari za UKIMWI. Aliyezituma, Joseph Popp, alikuwa mwanabiolojia Mmarekani aliyewahi kuwachunguza nyani hapa jirani, Kenya. Alitaka dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta Panama. Ufunguo wa kufungia na wa kufungulia ulikuwa mmoja, na ulikuwa ndani ya programu yenyewe, hivyo wataalamu waliufumua. Wa leo wanatumia funguo mbili: wa kufungia uko kwenye kompyuta yako, wa kufungulia haujawahi kufika kwako. Ndiyo maana fundi, hata awe hodari vipi, hawezi kuubuni.

Basi ulipe? Ushauri wangu ni usilipe. Dola 980 ni zaidi ya shilingi milioni mbili, mara nyingi hata kuzidi bei ya kompyuta. Malipo yanatakiwa kwa bitcoin, na Benki Kuu ya Tanzania ilishatangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini, hivyo huna wakala wa kuaminika wala wa kumlalamikia. Utaishia kumtafuta mtu wa Telegram akubadilishie, na huyo naye atakuliza. Na hata pesa ikifika, unayemtegemea akutendee haki ni yule yule aliyekufungia.

Jihadhari zaidi na watakaokuja baadaye. Ukiuliza mitandaoni tu, inbox itajaa wataalamu wa kufungua mafaili, wana mpaka picha za wateja waliofurahi. Mwaka 2019 chombo cha habari za uchunguzi cha Marekani, ProPublica, kilifichua kwamba hata kampuni zenye ofisi na ankara za heshima, zilizodai zina teknolojia yao, zilikuwa zinawalipa wahalifu kimyakimya na kumwongezea mteja gharama. Sisi tunaotoka kwenye maduara tunamjua mtu anayekuonyesha dhahabu ya sampuli. Muulize huyo mtaalamu: virusi vyangu vinaitwaje, na ufunguo ni wa mtandaoni au wa akiba? Akianza kuzunguka, mwache.

Kusafisha

Hapa nitakwenda haraka, maana ndiyo sehemu nyepesi. Mafaili yaliyofungwa yakishanakiliwa pembeni, safisha diski yote na upige windo upya kutoka kwenye flashi iliyotengenezwa kwa zana ya Microsoft yenyewe, kwenye kompyuta nzima. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini. Kutumia antivirusi peke yake kunawezekana: washa mashine katika hali salama, tumia Defender ya nje ya Windows au Emsisoft Emergency Kit, futa ile kazi ya ratiba, kisha fungua faili la hosts lililoko ndani ya System32, drivers, etc, ufute mistari iliyoongezwa humo. Djvu huandika humo majina ya tovuti za usalama ili usiweze kuzifungua ukitafuta msaada. Lakini ukiniuliza mimi, mashine iliyoshikwa hivi haifai kuachiwa shaka yoyote.

Shaka yenyewe ni hii: virusi hivi mara nyingi huja na mwenzao, mwizi wa nywila, kama AZORult au Vidar. Huyo hafungi kitu wala haachi barua. Anachukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuondoka nazo. Kwa hiyo siku hiyo hiyo, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, halafu benki, halafu akaunti za TRA na Tume ya Madini, halafu Facebook na Instagram. Washa uthibitisho wa hatua mbili kila panaporuhusu. Watu wanahangaika na picha za harusi wiki nzima, kumbe barua pepe ya ofisi inasomwa na mtu mwingine.

Marudio

Mchimbaji wa Nyarugusu hatupi mchanga uliokwisha oshwa, kwa sababu anajua marudio yana dhahabu. Fanya hivyo hivyo na mafaili, kabla hujasema yameisha.

Anza nje ya kompyuta. Mkataba ulioutuma kwa WhatsApp uko kwenye simu yako, kwenye folda ya nyaraka za WhatsApp, na uko kwenye simu ya uliyemtumia. Ripoti uliyoituma kwa barua pepe iko kwenye zilizotumwa. Bwana harusi alishachukua picha zake kwa flashi. Mtihani wa muhula uliopita uko kwa mwalimu wa taaluma. Kaa chini na daftari, andika kila faili la muhimu na mtu ambaye huenda analo, halafu anza kupiga simu. Kwa biashara ndogo, njia hii ya kizamani hurudisha mengi kuliko programu yoyote, na watu huiruka kwa sababu haina ufundi.

Kama ulikuwa unatumia Google Drive au OneDrive, usiogope ukikuta na huko yana mkia mpya. Kompyuta ilipeleka mabadiliko juu kama ilivyozoea. Google Drive hutunza matoleo ya nyuma ya faili kwa siku 30 na vilivyofutwa kwenye pipa kwa muda kama huo. Ingia kwa kivinjari kwenye mashine safi, rudisha toleo la kabla ya tukio. Siku 30 zinakwenda mbio mtu akiwa anangoja fundi arudi safari, kwa hiyo hili lifanye mapema.

Ndani ya diski nako kuna cha kuokota. Ili viende kasi, virusi vya Djvu hufunga kipande cha mwanzo tu cha kila faili, kama kilobaiti 150. Kwa barua ya ukurasa mmoja hiyo ni faili zima. Kwa video ya harusi ya gigabaiti mbili ni chembe. Nyimbo za MP3 ukiziondolea ule mkia wa ziada mara nyingi hupigika, zikiwa zimepoteza sekunde chache za mwanzo. Kwa WAV na MP4 ipo programu ya bure iitwayo Media Repair ya DiskTuna, inayojenga upya kichwa cha faili kwa kuangalia faili lingine zima lililotoka kwenye kamera au kinasa kile kile. Folda uliyoibana kwa zip, ifungue kwa 7-Zip: mara nyingi hupotea faili la kwanza tu, yaliyobaki yanatoka. Kijana wa studio ana bahati kuliko karani wa SACCOS kwa sababu hii moja, kwamba mafaili yake ni mazito.

Mwisho kuna PhotoRec, nayo bure, ya kuokota mafaili yaliyofutwa. Usiyaokolee kwenye diski ile ile unayoichimba. Inatoa mafaili bila majina yake, mamia yamechanganyika, utakaa usiku kuyapanga. Kwenye diski za aina ya SSD hutoa kidogo sana au hakuna.

Chochote unachofanya hapa, kifanyie kwenye nakala, kamwe si kwenye mafaili pekee uliyonayo.

Virusi viliingilia wapi

Tuseme ukweli. Katika ukanda huu vingi tunaviingiza kwa mikono yetu. Kijana anataka FL Studio ya kutengenezea midundo, mhariri wa video anataka Adobe Premiere, mpima ardhi anataka AutoCAD, na sote tunataka Word isiyodai malipo. Tunatafuta iliyokrakiwa. Djvu imeenea duniani kwa njia hiyo hasa: imefichwa ndani ya kraki, ndani ya vitengeneza namba za leseni, ndani ya programu za kuamshia Windows. Na angalia maelekezo yanayokuja nayo. La kwanza ni: zima antivirusi. Mtu anayekuambia umfunge mbwa kabla hajaingia kwako amekwisha kujieleza.

Sitakuhubiria kuhusu hakimiliki. Najua bei ya leseni na najua kipato cha steshenari. Lakini kuna LibreOffice, ni bure kihalali, inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Kuna DaVinci Resolve ya bure kwa video, kuna Audacity kwa sauti, kuna QGIS kwa ramani za leseni. Hazifanani kabisa na ulizozizoea na wiki ya kwanza utanung'unika. Na fundi anapokupigia windo, muulize ameliamsha kwa kutumia nini. Kama ni kwa flashi yake ya siku zote iliyopita kwenye mashine za mji mzima, jua na wewe umepokea kilichomo.

Njia ya pili ni barua pepe na WhatsApp: "Ankara ya madini.pdf.exe". Windows huficha kipande cha mwisho cha jina, ukaona pdf tu. Fungua folda yoyote, nenda kwenye View, washa kuonyesha mikia ya majina ya mafaili. Jambo dogo, halina gharama, lifanye kabla ya kumaliza kusoma.

Ya tatu ni ya ofisi: kuacha mlango wa kuendesha kompyuta kwa mbali wazi kwenye intaneti, wenye nywila kama geita123, ili bosi aangalie mahesabu akiwa Mwanza. Mlango huo ndio unaotafutwa na makundi makubwa, yale yanayopiga taasisi. Julai 2019 City Power ya Johannesburg ilifungiwa mifumo, wateja wakashindwa kununua umeme wa kulipia kabla, sawa na LUKU yetu. Mwisho wa Desemba 2022 mgodi wa shaba wa Copper Mountain, Kanada, ulilazimika kusimamisha kinu. Aprili 2023 Naivas, maduka makubwa ya Kenya, nao walitangaza wamepigwa. Wewe hawakufuati kwa jina kama hao, lakini mashine zao za kutafuta milango iliyo wazi hazichagui mji.

Pia: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama bado unaitumia, hilo ni ufa unaoongezeka kila mwezi.

Akiba

Nunua diski mbili za nje, si moja. Moja inakaa dukani, moja nyumbani. Ijumaa jioni unachomeka ya dukani, unanakili kazi ya wiki, unachomoa, unaipeleka nyumbani. Jumatatu unakuja na ile nyingine. Neno kubwa hapo ni kuchomoa. Diski inayolala imechomekwa itafungwa pamoja na kompyuta, na hiyo si akiba tena. Mbili zinazopishana zinakukinga pia na mwizi, na moto, na ile siku umeme unarudi kwa kishindo.

Nyaraka chache zilizo roho ya biashara, mikataba, leseni, vitabu vya mikopo, vyeti, ziweke pia Google Drive. Akaunti ya bure ina gigabaiti 15, na nyaraka za maandishi za miaka mingi hazijazi hata robo. Zipandishe kwa bando la usiku. Video hapana, zitakumaliza.

Kwenye Windows yenyewe, ingia Windows Security, sehemu ya kinga dhidi ya virusi, uteremke mpaka Ransomware protection, uwashe Controlled folder access. Kuanzia hapo programu isiyojulikana haiwezi kuandika ndani ya folda zako za nyaraka na picha mpaka uiruhusu. Itakusumbua mara mbili tatu kwa programu halali, uiruhusu hiyo na kuendelea. Halafu tengeneza akaunti mbili, ya msimamizi na ya kawaida, ufanyie kazi hiyo ya kawaida. Anayekuja kuchapa barua yake mwenyewe asikalie kabisa ya msimamizi. Flashi za wateja zipokee kwenye kompyuta moja isiyo na mahesabu yako. Wenye steshenari wengi wana mashine kuukuu pembeni. Kazi yake iwe hiyo.

Polisi na Tume

Katoe taarifa kituoni, upewe RB. Kufunga data ya mtu na kudai malipo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Usitegemee mhalifu atakamatwa wiki ijayo, lakini RB utaihitaji ukimweleza mkaguzi, benki au wanachama kwa nini vitabu havipo. Kitengo cha TZ-CERT, kilicho chini ya TCRA, nacho hupokea taarifa za matukio haya.

Ukiwa unatunza taarifa za watu wengine, wagonjwa wa zahanati, wanafunzi, wanachama wa SACCOS, unalo jukumu la ziada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka uiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi usalama wa taarifa hizo unapovunjwa. Waambie na wanachama wenyewe; watapigiwa simu na matapeli wenye majina yao na salio lao, afadhali wawe wameshasikia kwako.

Limebaki jambo moja ambalo hata wenye bidii hulisahau. Chukua diski ya akiba, uipeleke kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, ufungue mafaili matano ya tarehe tofauti: la wiki hii, la mwezi uliopita, la mwaka jana, picha moja na Excel moja. Soma kilichomo, usiridhike na kuona jina. Kuna diski huko majumbani zimenakiliwa kila Ijumaa kwa miaka, na zilizobebwa ni njia za mkato tu, faili lenyewe halikuwahi kutoka kwenye kompyuta. Likikataa hata moja, futa ulichonakili, anza upya, na mara hii nakili folda nzima.